Mlango wa Tovuti Ung'olewe

Chumba Namba Nne,
Kambi ya Waashi.

Kwa Mpwa wangu, Fundi wa Tovuti ya Kampuni,

YAH: KUOMBA MLANGO WA TOVUTI UNG'OLEWE

Natumaini hujambo huko ghorofani penye feni. Mimi mjomba wako ni mzima, ukiacha kiuno na hasira. Nakuandikia kiofisi kwa sababu ukiwa kazini simu yangu hupokei.

Unajua binti yangu anaolewa Jumamosi ya wiki ijayo, na kutoka hapa hadi nyumbani ni safari ya siku mbili. Unajua pia kwamba siku hizi likizo haiombwi kwa msimamizi, inaombwa kwenye tovuti uliyoijenga. Miezi kumi na minne sijaiona familia yangu. Kinachonizuia sasa ni mlango wako. Malalamiko yangu ni haya:

1. Ulikiri mwenyewe kwamba tovuti umeijenga kwa lugha ya kompyuta iitwayo PHP, juu ya kiunzi kilichokuja tayari, na kwamba ule mlango wa kuingilia hukuuchonga. Ni kifurushi cha watu wengine, umekipakua ukakichomeka. Sikulaumu. Hata sisi waashi huletewa milango tayari. Lakini sisi hupima ukuta kwanza, tukauliza na nani atapita. Wako umeupachika na karatasi ya dukani ikiwa bado imebandikwa.

2. Siku ya mafunzo ulisimama mbele yetu ukasema: neno la siri usimwambie mtu yeyote, hata mkeo. Nikaapa. Kesho yake, nilipoiandikia tu jina langu la mtumiaji, tovuti ikaniuliza neno langu la siri! Mimi si mtu wa kuyumbishwa. Nikaandika neno la uongo, niipime. Ikajibu: "Maelezo haya hayalingani na kumbukumbu zetu." Sasa nieleze, mpwa wangu: kama hailijui neno langu, imejuaje kwamba nimedanganya? Na kama inalijua, inaniuliza la nini?

3. Nilipokuuliza hayo ulisema neno lenyewe halimo mle, limesagwa, na likishasagwa hata wewe huwezi kulisoma. Nani alikutuma kusaga neno langu? Nilikukabidhi zima.

4. Pana kijisanduku kimeandikwa "Nikumbuke". Siku ya mafunzo nilikitia alama kwa moyo wangu wote. Kulipokucha ikaniuliza mimi ni nani. Hata mashemeji zangu, ambao hawanipendi, hunikumbuka zaidi ya siku moja.

5. Nilipojaribu mara ya sita ikasema nimezidisha, nisubiri sekunde sitini. Nikasubiri. Ikauliza neno lile lile. Nikakataa tena. Tumekaa hivyo siku nne, mimi na kifurushi chako, kila mmoja na msimamo wake.

6. Jana nilianza kulipiza. Msimamizi alipoita, "Mzee, leta saruji," nilimwuliza jina lake la mtumiaji. Akasema, "Wewe, jua limekupiga?" Nikamjibu kwamba hayo hayalingani na kumbukumbu zangu, asubiri sekunde sitini. Wenzangu walicheka hadi jukwaa likatikisika. Leo nimepelekwa kuchimba shimo la choo.

Kwa hiyo naomba mlango huo ung'olewe wote, na nafasi yake apewe mlinzi wetu wa geti. Yeye hahitaji neno la siri. Mimi ananijua kwa kikohozi tu. Ndiyo maana neno langu nimempa yeye anitunzie, nisije nikalisahau. Huko si kumwambia mtu, ni kuweka ghalani. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Lako halinijui kabisa.

Wasalimie wote wa ghorofani, pamoja na yule karani anayecheka peke yake. Mama yako nitamsalimu mwenyewe nikifika, kama nitafika.

Ni mimi mjomba wako, mwashi, niliyejenga ukuta unaouegemea ukisoma barua hii.

N.B. Kabla sijafunga bahasha, mwenzangu wa kitanda cha juu ameniletea habari. Mlinzi ameondoka asubuhi. Aliingia kwenye tovuti kwa neno langu, akaomba likizo yangu, ikapita. Karatasi ya ruhusa yenye jina langu akaja nayo getini, akajikagua mwenyewe, akaridhika kwamba yeye ni mimi, akajifungulia. Zimwi linijualo limenila likanimaliza. Basi yote niliyoandika hapo juu yapuuze. Mlango usiung'oe, weka na wa pili nyuma yake. Likizo ile ifute leo hii, nami kifurushi chako kikiniuliza tena nitakijibu ukweli. Neno langu jipya nimekuandikia nyuma ya bahasha. Anayekuletea ni msimamizi, nimemwapisha asiigeuze.