Avoka Yangu Inakauka Upande Mmoja

Jumatatu, 3 Agosti 1992
Christella anaposwa! Binti yangu! Mkwe ni Évode, mhasibu, suruali yake ina mstari wa pasi unaoweza kukata mkate. Mtaa wetu wote wa Kimihurura umeshajua. Nimewaambia hata wale tusiosalimiana nao.

Leo shangazi yake Évode amekuja, eti kusalimia tu. Kusalimia! Macho yalikuwa yanakagua hadi sufuria. Akaketi chini ya mti wetu wa avoka, akatazama juu, akaguna. Matawi ya upande wa jikoni yamekauka kuanzia nchani. Akauliza kama mti ni mgonjwa. Nikamjibu kuwa unapumzika. Akasema msemaji wao siku ya kuposa atakuwa Mzee Munyakazi.

Mungu wangu. Munyakazi! Kule Kagugu alimcheka baba wa bibi harusi mbele ya wageni wote kwa sababu ya geti lililopinda. Kwangu atauliza hii ni familia gani inayokimbiwa hata na majani. Lazima avoka iwe kijani!

Jumanne, 4 Agosti
Nimegundua. Ni Mama Liliane, jirani wa chini. Anaumwagia mti wetu maji ya Omo kwa siri. Wivu! Liliane wake bado hajaulizwa na mtu.

Nikamwita kwenye uzio, nikamwambia aache kuniulia mti. Akacheka hadi kitenge kikalegea. Akaniuliza tangu lini maji yanapanda mlima, maana yeye yuko bondeni na mimi niko juu. Akasema hiki ni kiangazi tu, mama, ningoje mvua ya Septemba. Nikamuuliza kama kiangazi huja upande mmoja. Akaenda zake. Nimeshinda.

Jumatano, 5 Agosti
Mpango mzuri sana. Nimekata matawi mabichi kadhaa ya upande ulio hai, nikayafunga kwa kamba kwenye upande mkavu. Baba Régis, mume wangu, alishika ngazi. Akauliza kama hatutabaki na shimo kule nilikokata. Nikamwambia ashike ngazi.

Ukitazama kutoka barabarani, ni bustani ya balozi!

Alhamisi, 6 Agosti
Majani niliyofunga yameinama yote kama watu wanaosikiliza mahubiri marefu. Sasa mti ni mbaya pande zote mbili. Baba Régis ameleta ngazi tena bila kuitwa. Anajua kunikera.

Mama Liliane amepita polepole, akaniuliza nimeanzisha kilimo gani kipya. Nimempa dereva wa basi la Butare ujumbe kwa Régis, mwanangu. Anasoma kilimo chuo kikuu huko. Chuo kikuu! Mimi niliishia darasa la tano.

Jumamosi, 8 Agosti
Régis kafika, na ndevu! Nikamsimamisha kwanza getini, barabara imwone.

Akapanda mtini na kisu kidogo. Alikwaruza ganda nchani: kahawia, kavu. Akashuka kidogo: kahawia. Akashuka tena: kijani, na maji. Akasema hapo ndipo kifo kimefikia. Akatafuta matundu ya wadudu, hakuona. Akasema mti ukifa upande mmoja, tazama ardhi ya upande huohuo.

Akafukua. Akafika kwenye shimo langu la kuivishia ndizi za urwagwa, pombe yetu ya ndizi. Nililichimba Juni pale shinani, kwa ajili ya kivuli. Kila nikitaka pombe natandika majani ya migomba, nazika ndizi, nawasha moto pembeni, napuliza joto na moshi ndani hadi ziive. Jembe lilikuwa limekata mizizi minene, na iliyobaki imeungua, nyeusi tii.

Régis akauliza nani alichimba hapa. Nikamuuliza kama amekula.

Akasema tufukie shimo, tukate matawi makavu hadi kwenye sehemu iliyo hai, tumwagilie, na mtu asichimbe tena karibu na shina. Utapona. Mwanangu! Kichwa kile kimetoka kwangu.

Nikaenda kwa Mama Liliane, nikamwambia nimemsamehe. Akauliza kwa kosa gani. Watu wengine hawajui kupokea msamaha.

Jumapili, 9 Agosti
Régis karudi Butare. Shimo limefukiwa, matawi makavu yamekatwa. Mti unafanana na mtu aliyenyolewa na mlevi, lakini nusu iliyobaki ni kijani, na Munyakazi ataketishwa akiitazama nusu hiyo.

Sasa, urwagwa. Nani ataposa binti yangu kwa soda? Ndizi zimeshafika. Nimechimba shimo jipya upande wa pili wa mti. Kule mizizi ni mizima, ina nguvu, itavumilia. Jembe limekwama mara nyingi, kwa hiyo naona kweli ni minene! Na moshi nitapuliza wa adabu. Baba Régis amekataa kushika jembe. Anasema Régis alisema. Nikamkumbusha kwamba Régis alikuwa anazungumzia upande ule.

Moto umeshika vizuri. Waje wote, na Mama Liliane, na Munyakazi na macho yake: Jumamosi, tarehe 22 Agosti, saa nane mchana.