Shaba Nyuma ya Sauna

Jumatatu, 1 Septemba 1986
Ushindi! Maabara wamepiga simu. Mboji niliyochota nyuma ya sauna ya marehemu Baba ina shaba kupita kiasi. Nilijua! Mizizi ya misonobari hunyonya madini kutoka chini, majani huanguka, huoza, na mboji huyahifadhi yote. Dada Hilkka alikuwa amuuzie jirani yetu Reino nyumba ya Baba na msitu wake Jumamosi hii. Nimemwambia mtu hauzi mgodi. Akasema mgodi anaoujua yeye umo kichwani mwangu. Ila amekubali kumsubiri mtaalamu wa madini atakayetumwa na maabara.

Jumanne, 2 Septemba
Reino kapita na baiskeli. "Vipi, tajiri, bado unachambua kinyesi cha minyoo?" Nilimjibu vikali sana. Bahati mbaya alikuwa ameshafika barabarani.

Nimekaa nyuma ya sauna mpaka kahawa ikapoa. Hapa ndipo Baba alipokuwa akipika lami ya kupaka mtumbwi, kila vuli, akiimba chinichini. Watoto tulikatazwa kusogea. Lami ni hatari, alisema. Nimemkumbuka mno leo. Ndiyo maana mboji yote niliichota hapa. Kwingine msituni hakunivutii.

Alhamisi, 4 Septemba
Mtaalamu kaja. Binti mdogo, buti kubwa. Akauliza sampuli nyingine nilizitoa wapi. Nikamwambia zote hapa hapa. Akanitazama kama mtu anayetazama mgonjwa.

Akachimba. Koleo likalia ngaa! Nikapiga kelele, mwamba! Kumbe sufuria kubwa ya shaba, na mabomba yake yamejikunja. Mtambo wa gongo! Binti akaeleza kwa upole kwamba shaba imekuwa ikichujuka humo na kuingia kwenye mboji miaka yote hii. Nikamweleza kwamba Baba alipika lami.

Reino, aliyekuja na Hilkka kutazama, alicheka mpaka akashikilia mti. "Lami gani, wewe Oiva? Kijiji kizima tuliinywa hiyo lami!"

Hilkka hakucheka. Alipiga magoti, akaigusa ile sufuria, akalia. Na mimi pia, kidogo.

Jumamosi, 6 Septemba
Hilkka kamwambia Reino nyumba haiuzwi ng'o! Sufuria ameisugua kwa majivu mpaka inang'aa, kaiweka sauna. Jioni tuliwasha moto, tukakaa kwenye mvuke, tukaimba wimbo wa Baba. Maneno nusu tumeyasahau. Nilitamani afungue mlango, alete kuni.

Nyumba imeokoka. Ama kweli sayansi yangu imemshawishi dada.

Jumapili, 7 Septemba
Kosa langu nimelijua: nilichota mahali pasipofaa. Leo nimehamia kisimani, pale Mama alipokuwa akifua. Naikumbuka harufu ya sabuni na mikono yake myekundu kwa baridi. Karai lake lililopakwa zinki lililiwa na kutu pale pale kwenye majani. Hilkka kapita, kaniangalia, kauliza, "Mdogo wangu, mifuko yote hapo hapo tena?" Nikamwambia asiingilie mambo ya kitaalamu.

Nimejaza mifuko yote. Kitu fulani kinaniambia hapa chini kuna zinki.