Jinsi Badi Alivyoshuka Barazani Mambrui

Sogeeni, enyi watu wa pwani, wa Malindi na wa ng'ambo ya mto Sabaki, wenye vilemba na wenye vichwa vitupu! Wekeni chini vikombe vya kahawa, wabembelezeni watoto wanaolia, na mwenye kutaka kukohoa akohoe sasa. Mmeshasimuliwa habari za majemedari waliobomoa ngome, na za masultani waliovuka bahari kwa majeshi yasiyohesabika. Hayo yalikuwa mambo madogo. Leo tunanena jambo kubwa, lililotokea mwaka mmoja kabla ya vita vya Wajarumani, siku Badi mshona kofia, Badi Sikio la Dhahabu, aliposhuka kutoka juu ya baraza yenye kimo cha dhiraa moja, akafika chini.

Badi huyu aliketi Shela, pale Malindi, na lau angalishona kofia kwa bidii ile aliyosikilizia zumari, hapangalibaki kichwa kitupu kutoka Lamu hadi Vanga. Lakini sindano ilimchosha upesi. Kilichomwamsha alfajiri na kumtoa nyumbani ni zumari ya Kambi, mpiga zumari wa Mambrui, ambaye Badi alimfuata miaka tisa kila alikoalikwa: Takaungu kwa miguu, Ngomeni kwa miguu, na mara moja Marafa, alikorudi na homa ya siku kumi na akaisimulia kama mtu aliyerudi na nyara. Yeye mwenyewe hakujua kupiga hata filimbi. Kazi yake katika ngoma ilikuwa kukaa mbele, kufumba macho, kutikisa kichwa, na kupaza sauti "Hapo! Hapo!" kabla mwingine yeyote hajatambua kuwa hapo ndipo.

Tena sikieni fahari yake. Kila mwaka, katika arusi ya mwisho ya msimu, wimbo wa mwisho unapofika, Kambi huzunguka katikati ya watu akipiga, kisha humwinamia mtu mmoja, akamwelekezea mdomo wa zumari usoni. Mashabiki wote walijua maana yake: huyo ndiye aliyesikiliza kuwashinda wenziwe, naye huinuka akaifunga leso ya hariri shingoni mwa zumari. Hakuna aliyewahi kumwuliza Kambi mwenyewe, kwani saa hiyo mdomo wake ulikuwa umejaa zumari. Miaka tisa Kambi alimwinamia Badi, na leso tisa zikafungwa, na zote tisa zilitoka katika sanduku la Kaltuma mkewe, mwanamke wa mikono isiyopumzika, ambaye hakualikwa kuzisikia zikisifiwa.

Basi mwezi wa arusi, palepale Shela, Kambi aliipandisha sauti juu, akaishika pumzi hata watu wakamwogopea, na Badi akasahau kuwa ameumbwa kwa nyama na mfupa. Aliruka kutoka juu ya baraza akilia "Hapo!" na hapo ndipo alipoanguka. Kifundo cha mguu kikalia kama ukuni mkavu. Kilele alichoanguka kutoka juu yake, tulipokuja kukipima, kilikuwa dhiraa moja kasoro vidole viwili.

Akaletwa Mzee Mwambire kutoka Ganda, muunga mifupa ambaye mikono yake ilijulikana hata na mbuzi. Badi, akiuma mto, akamwamkia, "Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Kuku yuko wapi?"

Ndiyo kawaida ya kazi yake. Aliunyosha mguu wa Badi, akaufunga vijiti na kitambaa. Kisha akamtwaa kuku wa Kaltuma, mweusi mwenye shingo ya madoa, akamvunja mguu uleule wa kushoto, akaufunga vijiti vilevile. Halafu akasimama katikati ya chumba na kutoa hukumu yake mbele ya majirani waliojaa mlangoni: "Mguu huu na mguu huu sasa ni mmoja. Siku kuku huyu atakapokanyaga kwa miguu miwili na kuvuka kizingiti kwa hiari yake, bila kufukuzwa wala kubembelezwa kwa mtama, siku hiyo nawe utainuka. Kabla ya hapo, ukikanyaga, usiniite tena. Na mpaka arubaini iishe, msitengane. Asivuke mto mmoja akamwacha mwenziwe ng'ambo."

Hapo zikaanza siku ambazo historia ingependa kuzisahau. Badi kitandani, kuku mkekani, wote wawili wamenuna, wote wawili wanangoja kuletewa. Kaltuma alimletea huyu uji, yule mtama. Akamgeuza huyu, akamgeuza yule. Na katikati ya hayo akazishona kofia za mumewe, kwa kuwa wateja hawakuvunjika mguu. Siku ya kumi na mbili mteja mmoja alisema mlangoni kwamba kofia za siku hizi zina mkono mzuri zaidi. Badi alijifanya amelala.

Siku ya ishirini ikaja habari iliyomwondoa usingizini: Rajabali, mwenye duka Mambrui, anamwoza mwanawe, arusi ya mwisho ya msimu, na Kambi ndiye atakayepiga, siku tatu zijazo, baada ya alasiri. Aliyeileta habari ni Abdillahi mwuza kahawa, hasimu wake wa miaka mingi katika usikilizaji, ambaye kila asubuhi alikuja kumjulia hali akautazama kwanza mguu wa kuku.

"Pole, ndugu yangu," alisema Abdillahi, na macho yake hayakuwa na pole hata chembe. "Mwaka huu pumzika. Leso mimi nimeshaifua. Mtu lazima awepo wa kuinamiwa."

Badi akahesabu kwa vidole. Miaka tisa! Akikosa mara hii, zumari itamwinamia mwuza kahawa, naye Badi atakuwa nani? Mshona kofia, tena ambaye mkewe anamshinda kwa kushona. Mguu haukumwuma tena. Alijua umepona, na kuku naye alijulikana kuwa amepona, kwani Kaltuma alimwona akijikuna kwa mguu uleule. Lakini kuku hakuinuka. Kwa nini ainuke? Mtama ulimfuata mkekani.

"Ewe kuku," alinena Badi kwa sauti ya kuhutubia majeshi, "ewe mwenzangu wa mfupa, ambaye shingo yako ina madoa kama usiku wa nyota! Kizingiti kile ni kimo cha kiganja. Wanaume wamevuka majangwa. Inuka!"

Kuku alifumba jicho moja.

"Anafanana nawe," alisema Kaltuma bila kuinua macho kwenye sindano. "Mimi nimechoka na wagonjwa wazima."

Asubuhi ya siku moja kabla ya safari, Badi, aliyekata tamaa, alichukua kikonyo cha jani la mpapai, akakitoboa kama watoto wafanyavyo, akajaribu kuupiga wimbo wa mwisho wa Kambi. Sauti iliyotoka humo haina mfano. Jirani mmoja alikuja kuuliza nani amefiwa. Na katikati ya balaa hiyo, kuku akasimama. Akakanyaga kwa mguu wa kulia, akakanyaga kwa wa kushoto, akaenda mlangoni pole pole kama bibi arusi, akavuka kizingiti, akapotea nyuma ya nyumba.

"Amevuka!" Badi alipiga ukelele. "Kaltuma! Amevuka!"

Abdillahi alikuwa keshafika na birika lake, na alikuwa ameona yote. "Amefukuzwa," alisema. "Hata mimi nilitaka kukimbia. Aitwe Mzee Mwambire."

Mahakama ikaketi. Mzee Mwambire juu ya kiti, Abdillahi mshitaki amesimama, mtaa mzima mashahidi. Abdillahi alihutubu kwa ufasaha: hukumu ilisema asifukuzwe, kelele ni fimbo isiyoonekana, kuku aliyefukuzwa kwa kikonyo ni sawa na kuku aliyefukuzwa kwa ufagio, basi mgonjwa alale siku kumi na nane zilizobaki, kwa faida ya afya yake. Badi naye akajiinua kwenye mito, akasema zile hazikuwa kelele bali muziki, na kwamba kuku yule, baada ya kulala chumba kimoja na Sikio la Dhahabu siku ishirini na mbili, ameingiwa na zumari moyoni.

"Kama ni muziki," Abdillahi aliuliza, "mbona aliupa mgongo?"

Watu wakacheka mpaka birika likamwagika. Ndipo Kaltuma akaingia kutoka uani, ameshika yai, lingali na vuguvugu. "Lilikuwa nyuma ya jiwe la kusagia," alisema. "Alikwenda kutaga."

Mzee Mwambire akaligeuza yai mkononi muda mrefu. "Mwanangu Badi," alisema, "nitasadiki neno lako, kwani wewe ulikuwa karibu naye. Kuku alitoka kwa sababu ya sauti yako, au kwa haja yake?"

Ee wasikilizaji, vita gani vilipiganwa kifuani mwa mtu yule! Akisema, 'Kwa sauti yangu,' atabaki kitandani, na zumari itamwinamia Abdillahi. Akisema, 'Kwa haja yake,' basi amekiri mbele ya Shela yote kwamba muziki wake haukumgusa hata kuku. Aliutazama mlango, akamtazama Abdillahi, akalitazama yai.

"Hakunisikia," alinong'ona.

"Hatukukusikia," alisema Abdillahi.

"Hakunisikia hata kidogo!" Badi alinguruma. "Angalikuwa hata kiziwi asingalinidharau zaidi! Nipeni fimbo yangu."

Kwa gharama hiyo alinunua safari. Kulipokucha walitoka, Badi juu ya punda, Kaltuma nyuma na kuku ndani ya tenga, Mzee Mwambire akilinda sifa ya kazi yake, na Abdillahi mbali kidogo, leso ikimchungulia kifuani. Sabaki ilikuwa imejaa, nyekundu kwa udongo wa bara. Mtumbwi ulivushwa huku Badi amelikumbatia tenga mapajani, mguu na mguu, kama ilivyoamriwa. Adhuhuri wakaingia Mambrui.

Kwa heshima ya ugonjwa, watu wanne walimpandisha Badi juu ya baraza ya Rajabali, tenga ubavuni pake. Abdillahi alijibanza juu ya baraza ileile, upande wa pili wa tenga. Kaltuma alisimama mlangoni na wanawake, karibu na baraza. Baada ya alasiri Kambi akaanza, na Badi akafumba macho, na "Hapo!" zake zikasikika hata msikitini, naye Abdillahi akazijibu kwa zake, hata mwenye masikio hakujua anasikiliza zumari au mnada wa samaki.

Wimbo wa mwisho ukafika. Kambi akazunguka, mashavu yamevimba, akaisogelea baraza, akainama, na mdomo wa zumari ukaelekea pale walipo. Kwa nani? Abdillahi hakungoja kujua. Aliichomoa leso, akalia "Hapo!" akaruka.

Kifundo chake kililia kama cha Badi kilivyolia, na watu waliousikia mlio ule Shela waliutambua.

Mzee Mwambire alikuwa keshapiga magoti. "Nileteeni kuku!" aliagiza.

Lakini kuku wote wa Rajabali walikuwa ndani ya pilau. Macho ya Mambrui yakazunguka, yakatua juu ya tenga, na mikono ikaanza kunyoshwa. Badi alikuwa ameshika leso ya kumi ya Kaltuma, na Kambi angali ameinama, anavuta pumzi kwa pua na kuitoa kwa zumari, hakatizi. Ilikuwa wakati wake. Zumari ilikuwa mbele yake, na hasimu yuko chini. Akamtazama kuku, na kuku akamtazama kwa jicho lilelile alilokuwa akimtazama nalo siku ishirini na tatu, nao wakaelewana.

"Huyu, la!" Badi alisema, na sauti ikamtetemeka kweli. "Huyu ameshatoa mguu wake. Ameshanitolea mimi." Akaifunga leso ya hariri juu ya mdomo wa tenga, mafundo mawili, ili ampe Kaltuma ampeleke ndani.

Ila tenga lilikuwa juu na Kaltuma alikuwa chini. Hapo basi, enyi watu, ndipo penyewe. Badi aliutazama ukingo wa baraza kama mtu atazamavyo genge refu.

"Shuka kama watu," alisema Kaltuma.

Akatoa mguu wa kulia. Zumari ikashika sauti moja. Akatoa wa kushoto, ule wenye historia. Akateleza kwa makalio kidogo, jambo ambalo wapambe wake walikubaliana kutolisimulia. Akakanyaga mchanga wa Mambrui kwa nyayo mbili, akasimama, akampa mkewe kuku. Watu wakapiga vigelegele, kwa kuwa vigelegele vilikuwa tayari kwa arusi. Zumari mwaka ule ilibaki shingo tupu, na Abdillahi akatafutiwa jogoo mtaa wa pili.

Jioni, punda akitandikwa, Kaltuma alimkuta Kambi akifuta zumari yake, akamwuliza alilokuwa akitaka kuuliza kwa leso kumi: leo alimwinamia nani?

"Kuku," alisema Kambi. "Barazani pale ndiye peke yake aliyesikiliza."

"Na miaka tisa hii, mume wangu?"

Kambi alishangaa. "Dada yangu, miaka tisa namwinamia kumwomba anyamaze. Kila mara anafunga kitambaa."

Kaltuma alicheka mpaka akakaa chini. Lakini alipomwona Badi juu ya punda, amelishika tenga kwa mikono miwili, anamwambia kuku jinsi walivyoshuka, hakumwambia neno. Maneno ya Kambi aliyatia, akilini mwake, katika sanduku lile zilimotoka leso, akalifunga, mpaka siku ya haja. Andikeni basi, wenye kalamu, kwamba siku ile Badi Sikio la Dhahabu alishuka barazani, dhiraa moja, kwa miguu yake miwili, pasipo kuvunja chochote; na kwamba asubuhi iliyofuata alipolalamika kuwa kifundo kingali kinavuta na kofia zingoje, Kaltuma alimwambia, "Badi, kaa nikupe salamu za Kambi," kisha akautazama uso wake, akamwonea huruma, akampa sindano badala ya salamu.