Mimi na Nati Sita za Gurudumu la Nyuma

Jumatatu, 9 Juni 2025

Pancha! Gurudumu la nyuma, upande wa kushoto. Kenta, lori langu, ililala uani hapa Gitting ikiwa nzima, asubuhi nikaikuta imeinama kama mzee anayetafuta miwani yake.

Jambo lenyewe ni hili. Jumamosi askofu anatoa Kipaimara Katesh na kwaya yetu nzima inasafiri. Miaka tisa mfululizo nimeibeba mimi, na mke wangu Odilia, sauti ya kwanza, hukaa kabini ubavuni mwangu. Sasa Gerald amewatangazia wanakwaya kwamba Fuso lake lipo tayari, na kwamba kiti cha kabini kina mto. Huyu ndiye Gerald aliyepeleka posa kwa kina Odilia mwaka 1997, wiki moja kabla yangu. Mto! Kamati ya kwaya itaamua Ijumaa jioni.

Nikashika wili spana. Kushoto kufungua, kulia kukaza: sheria ya ulimwengu. Mwezi jana nilifungua gurudumu la kulia mwenyewe, na nati zikatii. Hizi sita zimeshika kutu, nyekundu kama tofali. Hazikusogea hata unywele. Odilia anasema ni chumvi ya mifugo ninayosomba kutoka ziwani Balang'da bila kuosha gari. Mke wangu ni mwimbaji. Kemia aniachie mimi.

Nimezimwagia dizeli. Kesho zitaomba radhi.

Jumanne, 10 Juni

Hazikuomba.

Nikampigia simu Basili, kijana fundi wa Katesh. Akaja kwa pikipiki, akatoa shikamoo, akachuchumaa, akaanza kusema kwamba kwenye magari haya, mzee, nati za upande wa kushoto... Nikamkatiza. Nikamuuliza amesoma vitabu vingapi. Akasema kimoja, cha leseni. Nikamweleza historia ya skrubu tangu enzi za Wagiriki, kwa ukamilifu, isipokuwa sehemu iliyo katika juzuu la tatu ambalo mbuzi alilila. Akavaa kofia yake ya pikipiki, akaondoka. Ushindi wa hoja!

Mchana nikamwaga soda chupa tatu. Nimesoma kwamba soda hula kutu. Nyuki wakaja. Nimeumwa mara nne. Nati hazikuumwa hata moja.

Jumatano, 11 Juni

Kutu ni ubishi wa chuma. Na mbishi hushindwa na mbishi mkubwa zaidi. (Hii niiweke kwenye barua yangu ijayo kwa mhariri. Nimemwandikia barua arobaini na moja. Amechapisha mbili. Mwoga.)

Leo nguvu. Nimevika bomba la maji la futi nane kwenye mpini wa spana, nikawaita waimba besi wote wanne. Nikaamuru wavute kushoto. Tukaning'inia watano kwa pamoja. Kishindo! Nati imetoka!

Basili, ambaye hakuna aliyemwita, alisema haikutoka: imekatika pamoja na bolti yake. Huko ni kuchezea maneno. Ilikuwepo, sasa haipo. Akaanza tena, mzee, upande huu wa kushoto... Nikamwambia mimi siasa za kushoto nimezisoma kabla hajazaliwa. Besi wakacheka, naye akarudi Katesh.

Gerald akapita na Fuso. Akapunguza mwendo, akapiga honi, akauliza kama bwana Sulle, yaani mimi, anahitaji kuazimwa mto wa kupigia magoti.

Moja bado tano.

Alhamisi, 12 Juni

Moto. Nimesoma kwamba chuma hutanuka kikipashwa. Nikachukua mtungi wa gesi wa jikoni. Chuma hakikutanuka. Mpira wa kuzuia matope ndio ulioungua, pamoja na mkono mmoja wa koti langu. Odilia akauchukua mtungi wake, akaurudisha jikoni.

Baadaye akasema, huku akipiga pasi sare ya kwaya. Akasema, Baba Letisia, mimi Jumamosi nitapanda gari lolote lenye magurudumu.

Lolote!

Nikatoka uani kuzihesabu nati. Bado tano.

Ijumaa, 13 Juni

USHINDI! Niandike kwa utaratibu.

Saa sita nilikwenda kwa jirani yangu Mzee Tluway. Shikamoo. Marahaba. Nikamwomba maksai wake wanne wa kulimia. Akauliza nalima nini mwezi wa sita. Nikasema nafungua nati. Akachukua fimbo yake, akasema anakuja mwenyewe, maana hilo hawezi kulisikia kwa kusimuliwa.

Tukasimamisha bomba wima juu ya nati. Mnyororo kutoka ncha ya bomba hadi kwenye nira. Maksai wakaelekezwa mbele ya gari, upande wa mlima Hanang, ili bomba livutwe kushoto. Besi wakaja. Odilia akaja. Gerald naye akaja, amekunja mikono. Mzee Tluway akapiga mluzi. Maksai wakavuta. Bomba likapinda. Nati, kimya.

Sasa, nyuma ya gari ndipo ilipo ghala yangu ya chumvi, na mlango ulikuwa wazi. Upepo ukageuka. Maksai wakainua pua, wote wanne pamoja. Mzee Tluway akapaza sauti kwamba hawajalambishwa chumvi tangu Pasaka. Akachelewa! Wakageuka na nira yao, wakakimbilia ghala, mnyororo ukakaza, bomba likavutwa upande wa pili, yaani kulia, nati ikalia kama nguruwe anayefungwa kamba, na IKAFUNGUKA!

Ikasikika sauti ya ndimi tu, zikilamba magunia.

Basili, aliyefika tena bila kuitwa, akapita katikati yetu, akafuta kutu kwa kidole kwenye ncha ya bolti, akatuonyesha herufi L iliyopigwa pale, ya neno la Kiingereza “left”, kushoto. Akasema kwa upole kwamba kwa siku nne amekuwa akijaribu kumaliza sentensi moja: kwenye magari haya, nati za upande wa kushoto hufunguka kwa kuzungusha kulia. Nilichokuwa nikifanya wiki nzima ni kuzikaza.

Nikamwambia vizuri sana. Nilikuwa nasubiri kuona kama analijua hilo.

Nne zilizobaki akazizungusha kulia, zikagoma kidogo kwa sababu ya kutu, zikatoka. Pancha ikazibwa. Akafunga gurudumu kwa bolti mpya mahali pa ile iliyokatika. Jioni kamati ikaikuta Kenta imesimama imara. Kura saba kwa moja. Ile moja ni ya shemeji yake Gerald.

Maksai wamemaliza gunia zima. Gharama ya sayansi.

Jumamosi, 14 Juni

Watu thelathini na wanane nyuma, wakiimba tangu Gitting hadi Katesh. Odilia kabini, ubavuni mwangu, sare imenyooka. Alikuja na mto wake mwenyewe. Akauweka, akaukalia, akatazama mbele na kuanzisha wimbo. Tulipopita nyumba ya Gerald nikashusha kioo ili asikie vizuri sauti ya kwanza.

Miaka kumi sasa!

Jumapili, 15 Juni

Mungu ni mwema. Baada ya misa, Fuso la Gerald pancha! Gurudumu la nyuma, upande wa kulia. Waumini wote wamesimama. Gerald anavuja jasho.

Nikavua koti (lile lenye mkono mmoja) na kujitolea, kama Mkristo. Nikawatangazia kwamba nati za malori zote hufunguka kulia, nimelithibitisha mwenyewe mbele ya mashahidi. Nikazungusha kulia kwa nguvu zangu zote. Hazikusogea. Kutu mbaya sana. Basili akaanza, mzee, upande wa kulia ni tofauti... Nikamkatiza. Kitabu kimoja tu amesoma huyu!

Odilia amekaa kwenye ngazi za kanisa, juu ya mto wake, anafunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Mabega yanamtikisika. Nadhani ni fahari.

Nimemtuma mtu kwa Mzee Tluway alete maksai. Safari hii sitegemei upepo. Gunia la chumvi nimeliweka mwenyewe, na nimelipima kwa hatua: wakilifuata, watavuta kulia tupu.