Gemu Yangu Ichezwe Mbele Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Kikao cha mashindano ya gemu. Wote tuna kazi zetu. Gemu tunatengeneza jioni, kwa kupenda tu. Wachezaji ndio watakaopiga kura Jumamosi, na kila mtu achague wataipataje gemu yake: linki ya kufungua kwenye simu, faili la kupakua, au kompyuta yako mwenyewe ukumbini. Fundi cherehani, jirani na mpinzani wangu, kachagua linki papo hapo. Maringo! Mimi nikaomba siku ya kutafakari. Sababu ninayo. Gemu yangu ina mlango, na nyuma ya mlango hakuna kitu. Giza tupu. Binti yangu nimemwambia kuna hatua kumi. Naye kalitangazia darasa zima.

Jumanne, 4 Machi

Dawa imepatikana! Kompyuta yangu ukumbini, mimi pembeni. Mwenyekiti akauliza kwa nini nijitese kubeba mzigo. Nikasema napenda kuonana na wachezaji ana kwa ana. Akanisifu mbele ya wote kwa ukarimu wangu. Niliona haya, lakini kidogo tu.

Alhamisi, 6 Machi

Mtambo tayari. Kibodi ya pili, isiyo na waya, itakaa mapajani, chini ya kitambaa cha meza. Mchezaji akiukaribia mlango, nabonyeza, jiwe linamdondokea. Nimeujaribu kwa mke wangu. Kafa, kafa tena, akasema gemu ngumu kweli, akaenda kulala akijilaumu. Nilitaka kumwambia. Sikumwambia.

Jumamosi, 8 Machi

Aibu! Naandika uso ukiwaka.

Asubuhi mambo yalikuwa shwari. Watu wanakufa, wanacheka, wanarudi kwenye foleni. Fundi mwenyewe kafa, kanipa mkono. Kichwa kikavimba. Kisha binti yangu akaingia na wenzake wa darasani, akaketi. Anacheza vizuri mno yule mtoto. Akafika mlangoni. Nikabonyeza. Akaanza upya, akafika. Nikabonyeza. Wenzake wakamcheka, eti gemu ya baba yake mwenyewe inamshinda. Akauma mdomo, akaniomba kwa sauti ndogo nimpe japo dokezo moja. Nikabonyeza tena. Baba gani huyu? Viganja vimelowa jasho, kibodi ikateleza, ikaanguka sakafuni pwaa! Mawe yakamwagika kwenye skrini, naye hajagusa kitu. Akatazama chini. Kisha akanitazama mimi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Fundi, mwenye gemu ya hatua moja na kura kibao, akaniokotea kibodi, akaipangusa vumbi, akanikabidhi. Heri angenitukana.

Jumapili, 9 Machi

Hadi baada ya chai ndipo binti yangu akanisemesha. Nikakiri kuwa nyuma ya mlango hakuna kitu. Kauliza kwa nini sikusema tu kuwa gemu ni fupi. Ya Fundi ni fupi na watu wameipenda. Akasema mlango haukumuuma. Kilichomuuma ni kuniomba msaada, kumbe ninayemwangusha ni mimi. Nililia, sifichi. Nikamwomba radhi, nikamwapia kwamba sitamdondoshea mtu jiwe tena maishani. Akanikumbatia.

Na ahadi ni deni. Kwa hiyo mashindano yajayo nachagua faili la kupakua. Nitalishindilia video nzima ya harusi yetu, na za harusi za shangazi wote wa binti yangu, liwe zito hadi mtandao usalimu amri. Hakuna atakayemaliza kulipakua, sembuse kulicheza. Jiwe hata moja halitaanguka! Safari hii mwanangu atajivunia baba yake.