Manjano ya Siagi

Wananchi watukufu wa Santa Eduviges walitangaziwa kwamba Kamati ya Rangi za Tahadhari, baada ya mashauriano ya kina na chakula cha mchana, imeridhia kuongeza rangi nyingine ya manjano. Hiyo itaitwa manjano ya siagi, na itaanza kutumika mara moja.

Tangazo lilisomwa uwanjani na mwenyekiti wa Kamati mwenyewe, Lisensiado Heriberto Cuautle. Kule kwao mtu yeyote mwenye digrii na dereva huitwa Lisensiado, na Heriberto alikuwa na madereva wawili. Nyuma yake mlima wa volkano ulikuwa ukitoa moshi mweusi kama jiko lililotiwa kuni mbichi. Hakugeuka kuutazama. Mlima haukuwa kwenye ajenda.

Zamani taa ya tahadhari pale uwanjani ilikuwa na rangi tatu tu. Kijani, lala. Manjano, lala jicho moja wazi. Nyekundu, mabasi ya jeshi yanakuja, beba watoto uondoke. Lisensiado aliuona utaratibu huo wa kishamba. Nyekundu ilikuwa na kasoro moja kubwa: watu wakiiona wanakimbia, na wa kwanza kukimbia ni watalii. Kwa hiyo chini ya uongozi wake ikaja manjano ya limau, kisha ya kiini cha yai, kisha ya boga. Taa nyekundu aliamuru ing'olewe, kwa kuwa kifaa kisichotumika ni ubadhirifu wa mali ya umma. Akaitundika kwenye baa ya hoteli mpya ya shemeji yake, iliyojengwa chini kabisa korongoni, penye chemchemi za maji ya moto. Siku moja baada ya tangazo hili la siagi, sikukuu ya Mtakatifu Lorenzo, Gavana angekuja kuifungua hoteli hiyo.

"Lisensiado," aliita Doña Tránsito, mama muuza tamale za unga wa mahindi na mfuga nguruwe, "hiyo siagi ni ya baridi au imeshaanza kuyeyuka?"

Watu wakacheka. Lisensiado naye akacheka kidogo, kwa mujibu wa cheo chake.

"Ni siagi ya utulivu, mama. Utulivu wa hali ya juu. Endeleeni na shughuli zenu."

Doña Tránsito akalifunika sufuria la tamale. "Umesikia?" akamwambia jirani yake. "Wa hali ya juu." Wakaondoka wote wawili kwa haraka, na uwanja mzima ukawafuata. Lisensiado alifurahi sana kuona tangazo limepokelewa na linafanyiwa kazi.

Jioni alimkuta ofisini Dokta Amparo Xicale, mtaalamu wa kupima mitetemo ya mlima, buti zake zimejaa majivu na zinachafua zulia.

"Mlima unatetemeka bila kupumzika," alisema Amparo. "Theluji ya kileleni inayeyuka kutokea chini. Ikinyesha mvua ya alasiri moja tu juu ya majivu yale, korongo litashusha matope yenye mawe makubwa kama lori. Kijiji chote kiko njiani. Washa nyekundu leo."

"Daktari, sisi sayansi tunaiheshimu. Ila hilo neno matope halina mvuto kwa wadau. Tuseme mtiririko wa rutuba."

"Watu watakufa, Lisensiado."

"Nitaunda kamati ndogo ilitazame hilo."

"Na hoteli yenu iko humo humo korongoni."

"Ndiyo maana nina uhakika hakuna hatari. Mimi ningejenga mahali pa hatari?"

Amparo akamkodolea macho mpaka Lisensiado akajikuta anakohoa. Hawa wanasayansi hawana adabu, alijisemea. Wamezoea kukaa na mawe.

Kesho yake Gavana aliwasili na kukuta kijiji kimya, hata mbwa hakubweka.

"Cuautle, wananchi wako wapi?"

"Wamepanda kumpelekea mlima zawadi, Mheshimiwa. Wao humwita Don Lencho, yaani Bwana Lorenzo, na leo ni sikukuu ya jina lake. Humpa kofia mpya na mchuzi wa mole. Ni mila zao, nasi tunazienzi."

Utepe ukakatwa, Kamati nzima ikapiga makofi. Wakiwa bado kwenye supu, mvua ikaanza. Baadaye ukaja mngurumo kama wa malori yanayomwaga kokoto, ila haukukoma. Bwawa la kuogelea ndilo lililoondoka kwanza, yakafuata magari ya Gavana. Kufikia hapo Kamati ilikuwa imehamishia kikao chake juu ya paa, baadhi ya wajumbe wakiwa wamevaa taulo.

Lisensiado alimpigia simu Amparo. "Daktari, washa nyekundu."

"Nyekundu iko baani kwenu."

Akachungulia chini. Baa haikuwepo. "Basi leta mabasi ya jeshi."

"Waraka wako unasema mabasi hayatoki bila kura ya Kamati, na lazima akidi itimie."

"Kamati yote iko hapa paani!"

"Akidi imetimia basi. Pigeni kura."

Wakapiga. Hoja ilipita, ingawa mjumbe wa utalii hakupiga kura upande wowote, akihofia sifa ya wilaya. Mabasi yakaja upesi, yakasimama ng'ambo, kwa sababu daraja lilikuwa limekwenda na matope. Lisensiado aliyatazama na kwa mara ya kwanza tangu ateuliwe akaogopa kweli kweli. Alimfikiria mkewe. Aliifikiria kamati ndogo ambayo hakuwahi kuiunda.

Ndipo kamba ikatua miguuni pake. Ukingoni mwa korongo, juu kabisa, walisimama watu wa Santa Eduviges, Amparo akiwa katikati yao. Wakawavuta mmoja mmoja, Gavana kwanza, kwa kamba zenye harufu kali ya nguruwe. Lisensiado alivutwa wa mwisho, akaangukia kati ya mabanda ya kuku, magodoro na bibi vizee waliobebwa pamoja na viti vyao.

"Mlijuaje?" aliuliza akihema. "Sisi tulitangaza utulivu."

"Si ndiyo tukajua," alijibu Doña Tránsito. "Mliposema limau, mawe yalimfunika kaka yangu Fidencio na punda wake. Mliposema boga, tukazika watoto wa mwalimu. Taa yenu hatuitazami tena, baba. Tunawasikiliza nyinyi. Mkianza maneno matamu, tunafungua nguruwe tukimbie nao. Jana uliposema utulivu wa hali ya juu, nikasema leo hata kuku asibaki."

"Nilikuja usiku ule ule kuwaamsha," alisema Amparo, "nikawakuta wameshafunga mizigo. Korongoni hakubaki mtu, isipokuwa wale walioliandika tangazo."

Chini yao matope yalikuwa yanapita juu ya nyumba zao, na Doña Tránsito alijifuta machozi kwa aproni bila kujificha.

Gavana, mwenye kandambili moja, akamgeukia Lisensiado. Alimshika bega, sauti yake ikiwa laini mno.

"Cuautle, usiwe na wasiwasi hata kidogo. Nina imani kubwa na wewe. Nafasi yako iko salama kabisa."

Doña Tránsito aliyasikia maneno hayo, akamtazama Lisensiado kwa huruma ya kweli.

"Pole, mwanangu," akamwambia. "Anza kufunga mizigo."