Tafadhali Mrudishieni Aliko Woga Wake

Talatala, kiangazi, 1910

Kwa Bwana Mchungaji wa misheni ya ufukweni,

Salamu katika Bwana. Mimi ni Asajile, yule anayekaa benchi la nyuma kabisa kanisani na kusali kwa sauti ndogo ili asimsumbue Mungu. Naomba radhi kwa kukuandikia, na kama barua hii inakuudhi, tafadhali ihesabu kuwa haijafika.

Kiangazi hiki uliwakusanya watoto wa shule kwenye mchanga wa ziwa, wakae kambini, wapige kasia, waimbe, na kusimama mbele ya wenzao waseme wanalofikiri. Ulituambia watajifunza kulala mbali na mama zao. Nilicheka kimoyomoyo, kwa kuwa wavulana wetu wakifika miaka kumi hujenga vibanda vyao na kulala katika kijiji chao wenyewe, kwetu huja kula tu. Nikaona hakuna jipya, nikamruhusu mwanangu Aliko. Hukusema kwamba utamwondolea woga, na woga ndio urithi pekee nilioachiwa na baba yangu bila ndugu kuugombania. Malalamiko yangu ni haya:

1. Aliko na wenzake hula kwa zamu, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule, ndiyo desturi. Zamani walikula kimya wameinama. Sasa wakimaliza husimama mstari. Juzi walimwambia mke wangu Elizabeth kuwa ndizi hazikuiva sawasawa, ila wameona juhudi yake na wanaamini kesho ataweza. Ubaya ni kwamba kesho yake aliweza. Mimi nimezimeza mbichi kwa adabu tangu tufunge ndoa.

2. Kijana Ambrose, uliyemfanya mlezi wa watoto kambini, alikuwa akisikia mgeni anakohoa anajificha migombani. Leo ana filimbi. Ndugu yangu Hezekia, mtu mwenye wajukuu, aliteleza akatumbukia mtoni na mkungu wake wa ndizi. Ambrose akapuliza filimbi, akamwinua, akampigia makofi kwa kuthubutu. Sasa Hezekia huvuka mto huo kila asubuhi hata kama hana safari, na akifika ng'ambo hugeuka kutazama kama kuna anayemwona.

3. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Ombasha, mkubwa wa askari wa hapa, aliazima ng'ombe wangu wa maziwa masika ya mwaka juzi, apate kupona kikohozi. Kikohozi kilipona, ng'ombe hakurudi. Mimi nilikuwa nimelimaliza jambo hilo kwa busara, yaani sikulitaja. Aliko akaenda mwenyewe, akamwamkia vizuri, akamwambia mbele ya watu kuwa ng'ombe ni wetu na tunamhitaji. Sasa tumeitwa bomani Jumatatu, mbele ya Bwana Mkubwa, na mtoto anasema yuko tayari. Kiboko cha boma unakijua. Nauogopea mgongo wangu, na wa mwanangu nauogopea zaidi.

Kwa hiyo naomba kwa heshima Aliko arudishwe kambini kabla ya Jumatatu, akafundishwe kinyume: kutazama chini, kuitika ndiyo kabla swali halijaisha, na kukohoa mahali pa kujibu. Kama walezi wako hawayajui masomo haya, niko tayari kuyafundisha mwenyewe bila ujira, mradi nisisimame mbele ya watu.

Nisalimie Mama Mchungaji, mpishi wenu, wapiga kasia wote na wazee wa kanisa. Ambrose naye msalimie, lakini usimwambie salamu zimetoka kwangu.

Ni mimi mnyenyekevu wako, niliyekwisha kukusamehe hata kabla hujajibu,
Asajile, baba Aliko

Nyongeza: Baada ya kutia sahihi nilikwenda kwa ombasha kumwomba radhi, tuyamalize kimya kimya. Alinitazama tu. Nikajikuta namwambia ndaga fijo, asante sana, kwa kumtunza ng'ombe wetu, kisha nikamwahidi na mtamba wangu, ili yule wa kwanza asikae mpweke. Jioni hiyohiyo akatuma mtu kumchukua mtamba huyo. Kwa hiyo, Bwana Mchungaji, mtoto usimpunguzie hata chembe. Kama bado mna masomo mengine ya namna ile, mwongezeeni upesi, maana Jumatatu anakwenda kudai ng'ombe wawili.